Mkuu wa idara anataka jina lake litangulie kwenye makala yangu

SWALI

Shikamoo Mama,

Mimi ni daktari, ninaishi Moshi. Mwaka jana nilimaliza shahada ya uzamili, na tasnifu yangu ilihusu wagonjwa wa shinikizo la damu wanaoacha dawa katikati. Taarifa nilizikusanya mwenyewe, kliniki kwa kliniki, mara kwa daladala mara kwa bodaboda. Msimamizi wangu wa chuo alikuwa nami tangu andiko la kwanza la utafiti, na sasa ananisukuma niitoe kama makala ya jarida kabla taarifa hazijazeeka.

Tatizo limeanzia kazini. Mkuu wa idara ninakofanya kazi sasa aliposikia ninaandika aliniita ofisini. Kwa upole kabisa akasema utaratibu wa pale ni kwamba jina lake hutangulia kwenye kila kinachotoka idarani, na kwamba ingekuwa busara kumweka pia mganga mfawidhi, kwa kuwa ndiye aliyeruhusu nikae kliniki na dodoso langu. Hilo dodoso lenyewe hakuna kati yao aliyewahi kuliona. Mkataba wangu unafika mwisho mwezi Julai, na anayependekeza uongezwe ni yeye.

Halafu kuna barua pepe. Jarida moja linalojiita la kimataifa limeniandikia likiniita "mtafiti mashuhuri". Wanasema watanichapisha ndani ya siku tano kwa dola 350, na nafasi hiyo inafungwa Ijumaa. Rafiki yangu mtakwimu, ambaye ndiye aliyepanga uchambuzi wangu wote na kunielewesha majibu yake, anasema nilipe tu. Yeye anazo makala mbili za namna hiyo na zimekaa vizuri kwenye wasifu wake.

Nina tasnifu ya kurasa tisini na kitu, Kiingereza changu si cha kujivunia, na pesa za majarida makubwa sina. Nianzie wapi? Na nikishaandika, naweza kutuma kwa majarida mawili kwa mpigo, atakayejibu kwanza ndiye nimpe?

Daktari wa Njoro, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumaliza.

Tuanze na hiyo Ijumaa maana ndiyo inayokukimbiza. Usilipe, na usijibu hata kwa adabu, kwa sababu jibu lako litawaambia kwamba anwani hiyo ina mtu. Mpiga debe pale stendi akikuita "bosi" hajakufahamu. Anataka kiti kijae. Jarida la kweli haliwezi kujua kama litakuchapisha kabla halijakusoma, na kutafuta wataalamu wawili watatu wa shinikizo la damu, wakusome, waandike maoni, hakuishi kwa siku tano. Aliyekuahidi siku tano amekwambia wazi kwamba hakuna atakayesoma.

Tena hasara haitaishia kwenye dola 350. Makala ikishatoka huko huwezi kuichukua na kuipeleka kwenye jarida la heshima, kwa kuwa kuchapisha matokeo yaleyale mara mbili ni kosa la kitaaluma hata kama mara ya kwanza ilikuwa jalalani. Ukiomba waiondoe, unaweza kudaiwa pesa nyingine ya kuiondoa. Mwache rafiki yako na wasifu wake. Siku mtu kwenye kamati ya kupandisha vyeo atakapoyafungua hayo majarida na kukuta makala ya udongo wa saruji imepakana na ya kifafa, atakuwa na maelezo ya kutoa.

Jarida lolote lingine likikupendeza, lichunguze kwa njia ya nyuma. Usiamini nembo zilizobandikwa kwenye tovuti yake, maana nembo hunakiliwa. Nenda mwenyewe kwenye orodha ya DOAJ, ile ya majarida ya wazi, yaani yanayosomwa bure na yeyote, iliyoanza mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, ulitafute humo. Nenda kwenye orodha ya wanachama wa COPE, jumuiya inayoshughulikia maadili ya uchapishaji. Angalia kama limo MEDLINE, hifadhidata ya Marekani ya makala za tiba, au kama ni la Afrika, kama limo AJOL, tovuti inayokusanya majarida ya Afrika. Kisha soma makala zake tatu za karibuni hadi mwisho. Ukiona aibu kuzisoma, usipeleke yako. Na mkutubi wa chuo ulikosoma mtumie ujumbe. Hakuna kitu wakutubi wanakipenda kama kuulizwa swali hili.

Sasa majina. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona ndipo usingizi unapopotea.

Majarida mengi ya tiba hufuata mapendekezo ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ICMJE, kundi lililoanza kwa wahariri wachache kukutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978. Kwao mwandishi ni mtu aliyetimiza masharti manne, yote kwa pamoja. Awe amechangia kwa uzito kwenye wazo au mpango wa utafiti, au kupata taarifa, kuzichambua au kuzifasiri. Awe ameandika rasimu au ameihakiki kwa kina. Awe ameidhinisha toleo la mwisho. Na awe tayari kujibu maswali juu ya usahihi wa kazi nzima. Kutoa ruhusa, kutafuta fedha, au kuwa mkuu wa mahali, kila kimoja peke yake hakimfanyi mtu kuwa mwandishi. Mganga mfawidhi wako, kwa hiyo, mahali pake ni kwenye shukrani, tena umwombe ridhaa kwa maandishi kabla ya kumtaja, kwa sababu msomaji anaweza kudhani aliyeshukuriwa ameyaunga mkono matokeo.

Mkuu wa idara ni suala gumu kidogo, na sitakudanganya kwamba utaingia ofisini kwake na nakala ya ICMJE mkononi utoke ukiwa na mkataba. Usimbishie ana kwa ana. Mzee aliyekuita kwa upole umjibu kwa upole, lakini kwa karatasi. Majarida mengi siku hizi hutaka taarifa ya mchango wa kila mwandishi, na mengi hutumia orodha iitwayo CRediT yenye majukumu 14: nani alibuni wazo, nani alikusanya taarifa, nani alichambua, nani aliandika rasimu ya kwanza, na kuendelea. Taarifa hiyo huchapishwa chini ya makala, kila mtu duniani anaisoma. Chukua fomu ya jarida ulilochagua, andika barua pepe moja kwa wote wanaohusika, msimamizi wako akiwemo na yeye akiwemo, kwa maneno kama haya:

"Waheshimiwa, shikamooni. Naambatanisha rasimu ya kwanza ya makala inayotokana na tasnifu yangu. Jarida tunalolilenga linataka kila mwandishi ajaze mwenyewe sehemu aliyofanya kulingana na orodha iliyoambatanishwa, na aidhinishe toleo la mwisho. Naomba tujaze hadi mwisho wa mwezi huu, ili nipange majina kwa kufuata mchango na kumshukuru kila aliyetusaidia kwa njia nyingine. Nitashukuru pia kwa maoni yenu kuhusu rasimu."

Umeona? Hujamkataa mtu. Umempa karatasi ambayo lazima aandike kwa mkono wake alichofanya, mbele ya profesa mwenzake. Wengi wakifika hapo hugundua wenyewe kwamba shukrani zinawatosha. Na ikiwa atakaa chini kweli na rasimu yako, akuoneshe kwamba umeyafasiri matokeo vibaya kwa sababu yeye ameiona kliniki ile kwa miaka mingi na wewe hujaiona, akahakiki, akasaini, basi ameingia kwa mlango wa haki na usimnyime. Jina la kwanza ni jambo lingine. Mpangilio wa majina huamuliwa na waandishi wenyewe kwa pamoja, na kwa desturi ya fani yetu anayetangulia ni aliyebeba kazi, msimamizi hukaa mwisho, na mwisho hapo ni kiti cha heshima.

Akisisitiza, usimpelekee mhariri ugomvi huo. Wahariri hawaamui nani ni mwandishi. Hulirudisha suala kwa taasisi. Mpelekee msimamizi wako, na yeye ajue njia ya kurugenzi ya masomo ya uzamili. Kabla ya hapo fungua mwongozo wa wanafunzi wa chuo chako utazame kimeandikwa nini juu ya machapisho ya tasnifu. Vyuo vingine humpa mwanafunzi nafasi ya kwanza kwa kanuni, na vingine huweka muda ambao ukipita msimamizi anaruhusiwa kuandika mwenyewe. Sababu nyingine ya kutokalia kurasa zako.

Kabla sijatoka kwenye majina: umeniandikia kwa uchungu kuhusu wawili wanaotaka kuingia, ukapita haraka kwa mmoja uliyemwacha nje. Mtakwimu aliyepanga uchambuzi wako na kukufasiria majibu ameshatimiza sharti la kwanza. ICMJE inasema mtu wa namna hiyo apewe nafasi ya kushiriki masharti yaliyobaki. Mtumie rasimu, hata kama ushauri wake kuhusu majarida ni mbovu.

Tasnifu sasa. Kosa ninaloliona kila mara nikipitia kazi za vijana ni kuichukua tasnifu na kuikata kingo hadi itoshe. Tasnifu inawaonesha watahini wako kila kitu ulichosoma. Makala inajibu swali moja. Yako pengine ina malengo mahususi manne. Chagua lile ambalo daktari wa Singida au wa Dhaka akilisoma atabadilisha kitu kesho asubuhi, mengine yaache kwa makala nyingine au yaache kabisa. Majarida mengi hutaka maneno kati ya 2,500 na 4,000, ikisiri ya maneno 250 hadi 300, kwa hiyo ile sura yako ya mapitio ya maandiko inageuka kuwa aya tatu au nne: tatizo ni nini, kinachojulikana ni kipi, pengo liko wapi, wewe ulitaka kujua nini. Basi. Fungua faili jipya tupu uandike, usinakili. Anza na majedwali, kisha mbinu, matokeo, mjadala, utangulizi, na ikisiri mwisho kabisa.

Kwa utafiti kama wako wa kuangalia wagonjwa bila kuwapa tiba yoyote, kuna mwongozo wa STROBE wenye vipengele 22. Uweke pembeni wakati unaandika, maana majarida mengi hutaka uujaze na kuutuma pamoja na makala. Majaribio ya tiba yana CONSORT, mapitio ya kimfumo yana PRISMA. Yako ni STROBE.

Sehemu ya mbinu ndiyo itakayokuokoa au kukuangusha. Mhakiki wa Toronto hajui kliniki ya Moshi. Mwambie siku za kliniki ni zipi, dawa zinatolewa za muda gani, mgonjwa analipa mfukoni au kwa bima, na anayeshuka kutoka Uru wakati wa masika anafikaje. Bila hayo, "kuacha dawa" ataisoma kama ukaidi wa mgonjwa. Sema ulikusanya taarifa miezi gani. Kama Desemba imo, lieleze hilo, kwa sababu mwezi huo nusu ya Dar es Salaam imepanda Kilimanjaro na aliyekaa kwenye benchi lako huenda si mkazi. Kama uliuliza kuhusu pombe, eleza uliipimaje: mbege haiji kwa chupa zenye ujazo mmoja, na mtu aliyekunywa "kibuyu kimoja" cha ndizi na ulezi hajasema alichosema mnywaji wa bia. Dodoso kama lilitoka kwenye Kiingereza, taja nani alilitafsiri na kama lilirudishwa kulinganishwa na asili. Haya ndiyo mambo unayoyajua wewe na mhakiki hayajui, na vijana wetu huyaruka wakidhani ni ya kawaida mno.

Kwenye matokeo, toa makadirio pamoja na vipindi vya uhakika vya asilimia 95, yaani kiwango cha chini na cha juu ambamo jibu la kweli linatarajiwa kuwa, usimwage thamani za P peke yake. Kilichomo kwenye jedwali usikirudie chote kwenye aya. Na kwa kuwa uliwapima watu mara moja tu, huwezi kuandika kwamba umbali "unasababisha" kuacha dawa. Andika kwamba vinahusiana. Neno moja hilo likikosewa kwenye kichwa cha makala, mhariri hafiki ukurasa wa pili.

Kiingereza kisikutese. Andika sentensi fupi, tendo moja kila sentensi, na mtu mmoja mwenye jicho zuri akusomee. Ukitumia programu ya akili mnemba kunyoosha lugha, sema hivyo mahali jarida linapoelekeza. Haiwezi kuorodheshwa kama mwandishi, maana haiwezi kuwajibika kwa lolote. Taarifa za wagonjwa usiiwekee kamwe. Na kila marejeo iliyokupa yahakikishe moja moja, kwa sababu hutunga makala zisizokuwepo na kuzipa majina mazuri sana.

Pesa. Ni kweli yapo majarida ya wazi yanayotoza zaidi ya dola 2,000 kwa makala, lakini usiyaogope kabla hujasoma ukurasa wa ada. Tanzania inasamehewa ada nzima na baadhi ya wachapishaji, wengine wanatupa punguzo tu. Tofauti inatokana na orodha wanayoifuata: Umoja wa Mataifa bado unatuhesabu miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni, ila Benki ya Dunia ilituhamishia uchumi wa kati wa chini Julai 2020, na wachapishaji wanaotazama orodha hii ya pili wakatutoa kwenye msamaha kamili. Wengi hutaka msamaha uombwe wakati wa kutuma, wala hawasikilizi ukiomba baada ya makala kukubaliwa. Yapo pia majarida yanayolipiwa na wasomaji, ambayo mwandishi hatozwi kitu akikubali makala isiwe wazi kwa wote. Na tazama ya nyumbani: NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ina Tanzania Journal of Health Research, na mtu wa wizarani anaweza kuifungua hiyo kabla hajaifungua ya London. Sioni aibu yoyote katika kuanzia hapo kwa makala ya kliniki zetu.

NIMR hiyohiyo: kama kibali chako cha maadili kilitoka kwao, kitoe kwenye faili ukisome chote. Wengi huchukua namba tu ya kuandika kwenye makala. Miongoni mwa masharti yake ni kuomba ruhusa yao kabla ya kuchapisha matokeo. Omba sasa, wakati rasimu inazunguka kwa waandishi wenzako, usije ukasubiri barua huku makala imeshakubaliwa.

Siku ya kutuma, kaa kwenye kompyuta, simu haifai kwa kazi hii. Fungua ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti, kama huna, ni bure. Ukurasa wa majina mara nyingi hutengwa na makala ili wahakiki wasikujue, kwa hiyo ondoa jina lako hata kwenye sifa za faili. Barua kwa mhariri iwe nusu ukurasa: swali ulilojibu, ulichokipata, kwa nini wasomaji wake waijali, na tamko kwamba kazi haijachapishwa wala haiko mezani pa jarida jingine. Taja humo kwamba imetokana na tasnifu, na kama tasnifu imewekwa kwenye hifadhi ya chuo mtandaoni, sema hivyo pia. Marejeo yapange kwa mtindo wanaoutaka. Zotero, programu ya kupanga marejeo, haina gharama na itakuepusha kuhesabu namba upya kila ukiongeza moja. Na anwani ya mawasiliano isiwe ya kazini, kwa mkataba huo wa Julai. Majibu ya wahakiki yanaweza kuja baada ya miezi kadhaa, na yasikukute umeshafungiwa sanduku.

Ukikataliwa ndani ya wiki, mara nyingi ni kwamba makala haikulingana na jarida. Irekebishe uipeleke kwingine. Ukiombwa marekebisho makubwa, furahi, maana hawaombi kwa wale wanaowafukuza. Nakili kila hoja ya mhakiki, chini yake andika ulichobadilisha na ukurasa gani. Usipokubaliana naye, sema kwa hoja na kwa heshima. Na akikwambia utafute mzungumzaji wa asili wa Kiingereza akusahihishie, jibu kwamba lugha imepitiwa, uendelee.

Kuhusu kutuma kwa majarida mawili kwa mpigo: hapana. Ile barua kwa mhariri unasaini kwamba hujafanya hivyo, wahakiki wa fani moja ni walewale na makala yako inaweza kumfikia mtu mmoja kutoka pande mbili, ukafungiwa kote. Ukichoka kusubiri, muulize mhariri imefikia wapi, kwa heshima. Ukiamua kuondoka, omba kuiondoa kwa maandishi, upate uthibitisho wao, ndipo uitume kwingine.